Mkono wa Laokoon: maumivu ya jiwe yanakaa wapi?

Kila mwaka hubandika picha mbili ubaoni kabla sijawaambia wanafunzi wangu neno lolote. Zote ni za sanamu moja ya marumaru. Mwanamume mwenye ndevu, uchi, yuko juu ya madhabahu. Kila upande wake kuna kijana mmoja, na nyoka wawili wakubwa wamewazonga wote watatu. Katika picha ya kwanza mkono wa kulia wa baba umenyooshwa juu, kama mtu aliyeshika bendera. Katika ya pili mkono huohuo umekunjwa kwenye kiwiko na umerudi nyuma ya kichwa. Basi nauliza: nani anaumia zaidi?

Mwaka huu binti mmoja aliyekaa nyuma aliwahi wenzake. "Mwalimu, huyu wa kwanza anapigana. Huyu wa pili ameshakamatwa."

Uso ni uleule. Kifua ni kilekile, tumbo ni lilelile. Kilichobadilika ni kiwiko tu, na mtu mzima amegeuka kuwa mtu mwingine. Jibu la binti yule ndilo nitakalolifuata katika uchambuzi huu, kwa sababu watu wamebishana kwa karne nyingi kuhusu uso wa Laokoon, kama analia au anajizuia kulia, ilhali mimi naamini jambo lenyewe limekaa mwilini, na usoni linafika mwisho.

Kwanza kisa. Wagiriki wameuzingira mji wa Troya miaka kumi bila kuuteka. Siku moja wanaondoka na kuacha ufukweni farasi mkubwa wa mbao. Watu wa Troya wanafurahi, wanataka kumwingiza mjini. Laokoon, kuhani, anashuka mbio kutoka ngomeni akiwakanya: msimwamini farasi huyu, mimi nawaogopa Wagiriki hata wakileta zawadi. Anarusha mkuki, unamchoma farasi ubavuni, na ule uwazi wa ndani unaguna. Watu hawasikii. Baadaye, Laokoon akiwa kwenye madhabahu anachinja fahali wa kafara, nyoka wawili wanakuja wakikata maji kutoka kisiwa cha Tenedos. Wanawaendea kwanza wanawe wawili, na baba anapokimbilia kuwaokoa wanamzonga naye. Watu wa Troya wanasema ni adhabu kwa kumchoma farasi wa mungu. Wanabomoa ukuta, wanamwingiza farasi. Usiku ule mji unakwisha.

Hivyo ndivyo anavyosimulia Virgil, mshairi wa Roma, katika kitabu cha pili cha utenzi wake wa Enea. Wagiriki wa kabla yake walikuwa na masimulizi mengine: kwa mmoja wanakufa watoto tu, kwa mwingine anakufa baba na mwana mmoja, wa pili anasalimika. Tofauti hiyo iwekwe akiba, tutaihitaji. Kwa sasa linalotosha ni hili: mtu alisema kweli, na aliadhibiwa mbele ya watu aliotaka kuwaokoa, na wanawe wakaadhibiwa pamoja naye. Anayeitazama sanamu anajua kwamba mtu huyu hana kosa. Ndiyo maana maumivu yake yanatuingia kuliko ya shujaa aliyekufa vitani.

Sanamu yenyewe ilifukuliwa Roma tarehe 14 Januari 1506, katika shamba la mizabibu la Felice de Fredis kwenye kilima cha Esquilino. Papa Julius II alipopata habari alimtuma msanifu majengo Giuliano da Sangallo akaone. Mchongaji Michelangelo, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 31, alifuatana naye. Mtoto wa Giuliano, Francesco, alikuwepo pia siku ile, mdogo bado, na baada ya miaka zaidi ya sitini aliandika alivyokumbuka: waliposhuka tu, baba yake akasema papo hapo kwamba huyu ni Laokoon yule anayetajwa na Pliny. Maana Pliny Mzee, mwandishi wa karne ya kwanza, aliwahi kuandika kwamba katika nyumba ya Kaizari Tito kulikuwa na Laokoon, wanawe na mizongo ya nyoka ya ajabu, kazi inayoshinda michoro na sanamu zote, iliyochongwa na mafundi watatu wa kisiwa cha Rhodes: Hagesandros, Polydoros na Athenodoros. Fikiria kuisoma sifa hiyo kitabuni maisha yako yote, kisha siku moja unainama juu ya shimo na kuiona.

Pliny alikosea jambo moja. Alisema imechongwa kwenye jiwe moja. Michelangelo na mchongaji mwenzake walipoikagua walionyesha maungio kama manne, yaliyofichwa kwa ustadi mkubwa. Kuhusu umri wake, wengi huiweka katika karne ya kwanza K.K. au miaka ya mwanzo ya karne iliyofuata, na wapo wanaosema nyuma yake kulikuwa na sanamu ya shaba ya zamani zaidi. Ubishi huo siingii. Ninachotaka ni kuitazama.

Anza chini, wala usianze usoni. Kimo chake ni kama mita mbili, kwa hiyo macho yako yanakutana na miguu na mizongo kabla ya kitu kingine. Mguu mmoja wa baba umekunjwa, unagandamiza madhabahu. Mwingine umenyooshwa, vidole vimekaza. Mtu akikaa kwa utulivu uzito wake unashuka makalioni. Huyu hakukaa, anajaribu kuinuka na anarudishwa chini. Wachongaji walimkamata katikati ya mambo hayo mawili, na jicho letu, linalojua mwili wa binadamu kwa sababu nasi tunao, haliwezi kumwacha hapo. Linamalizia lile tendo. Linamwinua, linamwangusha, linamwinua tena. Msogeo unatokea kwa mtazamaji, lakini jiwe ndilo linalouwasha.

Kutoka mguu ule ulionyooka, mstari unapanda kwenye paja, nyonga, mbavu, bega. Fuata kwa kidole pichani. Mwili mzima ni upinde mmoja uliovutwa, na mahali upinde unapoanzia ni pale kwenye nyonga ya kushoto, ambapo kichwa cha nyoka kimefika. Mkono wa kushoto umemshika nyoka huyo karibu na shingo, na bado haumzuii. Goethe, mshairi wa Ujerumani, aliliona hili mwaka 1798: alieleza kwamba chanzo cha mkao wote ni lile jeraha la nyongani. Mwili unakimbia upande wa pili wa jino. Tumbo linaingia ndani, kifua kinatoka, bega linashuka, kichwa kinageuka. Ukimgusa mtu mbavuni kwa kitu cha moto bila kumwonya, atafanya vivyo hivyo kabla hajajua kilichomgusa.

Sasa angalia tumbo. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Katika masimulizi ya Virgil nyoka wanamzonga kuhani kiunoni mara mbili na shingoni mara mbili. Fundi asiyejua kazi angechonga hivyohivyo, na tungebaki kuangalia magamba. Wale wa Rhodes waliwahamisha nyoka. Wanafunga miguu na mikono, wanawaunganisha baba na wanawe kuwa fungu moja, ila kiwiliwili wamekiacha wazi kabisa, kutoka koo hadi kinena. Lessing, mwandishi wa Ujerumani, aliwasifu kwa hilo mwaka 1766, na alikuwa na haki. Kiwiliwili kile ndicho uso wa kweli wa sanamu hii. Mbavu zimesimama moja moja, ngozi imetandwa juu yake, na chini ya mbavu tumbo limenywea kana kwamba pumzi imevutwa na haijatoka.

Wanaojua nyoka wa kwetu wataona jambo jingine. Chatu huuma kwanza ili apate pa kushikilia, kisha hujizonga, na kinachoua ni kubana, sumu hana. Nyoka wa Laokoon wanajizonga kama chatu na wanauma kama swila, na Virgil anawapa sumu juu yake. Kama somo la wanyama ni kosa. Kama somo la hofu limetimia, maana hofu mbili zimewekwa katika mnyama mmoja: kufungwa usiweze kukimbia, na kusubiri jino.

Je, analia? Virgil anasema anapiga mayowe yanayofika mbinguni, kama fahali aliyejeruhiwa na kutoroka madhabahuni na shoka shingoni. Katika marumaru mdomo umefunguka nusu tu. Johann Winckelmann, mwanahistoria wa sanaa wa Ujerumani, mwaka 1755 aliliona hilo kuwa ni ukuu wa nafsi. Alisema kama vile kilindi cha bahari kinavyotulia hata uso wake ukichafuka, ndivyo nafsi ya Laokoon ilivyotulia chini ya mateso. Hapigi ukunga, anashusha pumzi tu. Lessing akampinga. Wagiriki, alisema, hawakuona haya kulia. Sababu ya mdomo kutofunguka ni ya kifundi. Mdomo uliopanuka kwenye jiwe ni shimo jeusi linaloharibu uso, na isitoshe, mchongaji anapewa nukta moja tu ya wakati, hivyo akichonga kilele cha yowe hamwachii mtazamaji pa kwenda.

Ni hoja nzuri zote mbili. Mimi nilizijaribu kwa mwili. Nilimwomba kijana mmoja wa darasani apande juu ya meza, akae kama Laokoon: mguu mmoja nje, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, wa kushoto usukume chini kwa nguvu huku mwenzake akiushika. Avute tumbo ndani, atoe kifua. Kisha nikamwambia apige yowe. Alijaribu mara tatu. Kilichotoka ni mguno mfupi, wa kooni, kama wa mchukuzi anayepandisha gunia la mahindi kwenye lori. Tulicheka wote, naye akashuka akasema, "Pumzi haipo, mwalimu. Imebanwa."

Basi. Mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote hubana pumzi ili kifua kiwe na msimamo, na aliyebana pumzi hapigi yowe. Wachongaji walijua hilo. Yowe lililetwa na Virgil kwa sababu maneno yanaweza kupiga yowe. Mafundi wa Rhodes walichonga dakika iliyo kabla yake au baada yake, mwili ukiwa bado unashindana, na huenda ndiyo sababu ukisimama mbele ya sanamu hii unajikuta nawe umebana pumzi.

Usoni kuna jambo moja linalostahili kusemwa. Nyusi zimepandishwa upande wa ndani na kukunjwa, kama za mtu aliyezidiwa na huzuni, na kipaji cha uso kina makunyanzi yanayokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Duchenne, daktari wa Ufaransa aliyekuwa akichochea misuli ya uso kwa umeme, aligundua kwamba huzuni hukunja sehemu ya kati tu ya kipaji. Charles Darwin alilirudia mwaka 1872: wachongaji wa kale, alisema, walifanya kosa kubwa la umbile. Sijui nani kati yetu angeliona kosa hilo kama asingeambiwa. Mchongaji hakuwa na rangi ya mashavu wala machozi ya kumsaidia; alikuwa na kivuli peke yake. Alihitaji mikunjo mirefu ili mwanga upate pa kukwama, na akaichonga. Mimi namsamehe.

Sasa turudi kwenye mkono, kwa sababu hapa kisa cha sanamu kinakuwa kizito kama kisa cha kuhani.

Ilipofukuliwa, mkono wa kulia wa baba haukuwepo. Palikuwa na bega lililokatika. Kila mtu alikuwa na maoni. Inasemekana Michelangelo aliona kwamba ulikuwa umekunjwa nyuma. Walioshinda ni waliotaka unyooke, na mwaka 1532 mchongaji Giovanni Montorsoli akautengeneza mkono ulionyooka juu kabisa. Karne zilizofuata zilimjua Laokoon huyo. Nakala, michoro, sanamu za plasta katika vyuo vya sanaa vya Ulaya, karibu zote zilifuata mkono ulionyooka. Napoleon aliichukua sanamu hadi Paris mwaka 1798, na ikarudi Roma baada ya yeye kuanguka. Winckelmann alipoandika juu ya utulivu wa nafsi alikuwa bado hajafika Roma. Yeye, Lessing na Goethe wote walikuwa wakimsoma Laokoon ambaye nusu ya maana yake ilitengenezwa na fundi wa karne ya 16.

Na mkono ule ulisema nini? Ulisema: bado. Mstari wa mwili ulipanda kutoka mguuni, ukapita begani, ukaendelea hewani bila kuzuiwa na chochote. Ulikuwa mkono wa shujaa. Ukiutazama ni rahisi kabisa kuzungumza juu ya ukuu, kwa sababu mtu mwenye mkono huo hajashindwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Pollak, mwanaakiolojia Myahudi aliyezaliwa Prague, aliona kipande cha mkono wa marumaru katika karakana ya waashi mjini Roma. Ulikuwa umekunjwa, na juu yake palikuwa na alama ya mzongo wa nyoka. Alitambua kuwa ni mkono wa Laokoon. Yeye mwenyewe alidhani ni wa nakala nyingine ya kale, ndogo kidogo, akautoa kwa makumbusho ya Vatikani mwaka 1906. Ukawekwa ghalani. Tarehe 16 Oktoba 1943, Wanazi walipowakamata Wayahudi wa Roma, Pollak alichukuliwa pamoja na familia yake na kupelekwa Auschwitz. Hawakurudi.

Mkono ulibaki ghalani hadi mwaka 1957, wataalamu walipokubali kwamba ni wa sanamu hii hii, na katika miaka michache iliyofuata mwanaakiolojia Filippo Magi akauondoa ule wa Montorsoli na kuurudisha wa asili. Kati ya bega na mkono kuna sehemu iliyopotea, hivyo mtu angeweza kuendelea kubisha. Kilichomaliza ubishi ni tundu la keekee. Fundi wa kale alikuwa ametoboa tundu kwa ajili ya kuunga, na tundu la upande mmoja lilikaa sawasawa na la upande wa pili. Kila ninapolifikiria tundu lile najisikia niko karibu na mtu yule kuliko ninapotazama uso wote wa Laokoon. Alikuwa na keekee mkononi, vumbi jeupe kwenye vidole, na alitoboa mahali ambapo hakuna mtu aliyetakiwa kupaona.

Mkono uliporudi, mambo yote yalihama. Mstari ule unaopanda kutoka mguuni sasa ukifika begani hauruki tena hewani. Unageuka, unakunjwa, unarudi nyuma ya kichwa, unamrudia mwenyewe. Nguvu zote alizonazo zinazunguka ndani ya mwili wake na hazipati pa kutokea. Upana wa sanamu ulipungua, fungu likajibana, na nyoka ambaye zamani alionekana kama kamba anayoipeperusha sasa anamvuta. Tumbo lililonywea, ambalo chini ya mkono ulionyooka lilionekana ni la mtu anayejiandaa kutupa pigo, limekuwa la mtu anayemaliza pumzi yake ya mwisho. Hakuna aliyeligusa tumbo hilo. Ndiyo sababu nasema hisia haiko mahali pamoja unapoweza kuinyooshea kidole. Iko katika jinsi kiungo kimoja kinavyomjibu mwenzake.

Goethe aliacha ushauri ninaoutumia mpaka leo. Simama umbali wa kutosha, fumba macho, yafumbue, yafumbe tena papo hapo. Alisema utaona marumaru yote inatembea, na ukiyafumbua tena utaogopa kuikuta imebadilika. Aliifananisha na wimbi lililogeuka jiwe wakati linaikimbilia pwani. Alisema pia kwamba usiku, kwa mwanga wa mwenge, inatokea vilevile. Hilo la mwenge nimelithibitisha bila sanamu kubwa yoyote: nina kinyago kidogo cha mpingo nyumbani, na umeme ukikatika nikakiweka karibu na koroboi, mabega yake yanapumua. Mwanga ukicheza, vivuli vinahama kwenye mikunjo, na jicho linasoma kuhama kwa kivuli kama kuhama kwa mwili. Lakini mikunjo lazima iwepo. Sanamu yenye ngozi laini tupu haitembei hata ukiizungushia mienge mia.

Nimewaacha watoto mwisho, na siyo kwa sababu ni wadogo. Wapo wanaolalamika kwamba si watoto kweli, ni wanaume wazima waliopunguzwa kimo, na kwa umbile wana haki. Ila angalia walivyopangwa. Mdogo, upande wetu wa kushoto, amekwisha. Nyoka amemwinua kutoka ardhini, kichwa kimeanguka nyuma, mkono wake wa kushoto umekigusa kichwa cha nyoka kinachomuuma ubavuni bila nguvu ya kukisukuma. Baba, katikati, yuko kwenye kilele cha mapambano. Mkubwa, upande wa kulia, hajaumwa. Amezongwa mguuni, mkono umeshuka kuuvua mzongo kwenye kifundo cha mguu, na uso wake umegeuka kumtazama baba. Soma kutoka kulia kwenda kushoto na utaona kifo kimoja kikipita hatua tatu: hofu, mapambano, mwisho. Nyoka ni walewale, dakika ni ileile, na hata hivyo wakati umepita.

Yule mkubwa ndiye pekee kati yao anayemwona mwingine. Mdogo macho yake yanazima. Baba anatazama juu, na hapa kuna uchungu ambao sikuuona hadi nilipoitazama sanamu kwa miaka: hawaangalii wanawe. Aliwakimbilia kuwaokoa, na sasa amezama katika maumivu yake mwenyewe kiasi kwamba hawezi hata kuwageukia. Mkubwa anamtazama, anasubiri baba afanye jambo, kama watoto wote wanavyosubiri.

Mwishoni mwa kipindi binti yule wa nyuma aliuliza, "Na huyu atapona?"

Nikamweleza yale masimulizi ya Kigiriki niliyoyaweka akiba, yale ambamo mwana mmoja anasalimika. Nikamwambia mafundi hawakuandika jibu popote, ila mzongo pale kwenye kifundo haujakaza. Alikuja mbele akasogeza uso karibu na picha, akaweka kidole kati ya nyoka na mguu, kwenye ule mwanya mwembamba, akakaa hivyo hadi kengele ikalia.